Maswali ya Jikoni: Wafo Zinazogandia, Mashine ya Volti 120 na Sisimizi wa Bawabani

Tangu Ramadhani iliyopita, barua zinazofika katika safu hii kuhusu mashine ya wafo zimezidi zile za tanuri na za mashine ya kusagia juisi, na nadhani sababu yake si ya kutafuta mbali. Mashine hii siku hizi imo katika vyombo anavyotunzwa bibi harusi, imo katika maduka ya Darajani, na imo katika mizigo ya ndugu wanaorudi kutoka ng'ambo, lakini wengi wetu hatukukulia nayo, na kijitabu chake huwa kimeandikwa kwa lugha ya kigeni, tena kwa herufi za kuumiza macho. Kwa asiyeijua, ni mabamba mawili ya chuma yenye vijumba, moja juu na moja chini, yaliyounganishwa kwa bawaba na kupashwa moto kwa umeme. Rojo humiminwa katikati, kifuniko hufungwa, na baada ya dakika tatu hadi tano hutoka mkate wenye vishimo, mkavu nje na laini ndani. Nimechagua barua saba, na baadhi nimezifupisha.

Assalamu alaykum, bibi. Mashine yangu ina miezi minne. Mwanzo ilifanya kazi vizuri, lakini sasa kila nikifungua, wafo hupasuka, nusu ikabaki juu na nusu chini. Kabla ya kumimina hupuliza mafuta ya kopo kila mara. Rojo langu ni unga vikombe viwili, tui, yai moja na kikombe kizima cha sukari, maana wanangu wanapenda vitu vitamu. Je, mashine imekufa?
Mama wa watoto watatu, Kikwajuni

Wa alaykumus salaam, mwanangu. Mashine haijafa, imeshiba sukari na gundi ya mafuta, na vyote viwili umeitia wewe mwenyewe kwa nia njema.

Tuanze na hicho kikombe cha sukari. Sukari iliyomo katika rojo huyeyuka inapogusa bamba la moto, ikaiva hadi kuwa ya kahawia, kisha ikashika kwenye chuma, na ndiyo maana wafo yako hupasuka katikati, ambako bado ni laini, badala ya kubanduka pembeni. Zikumbuke kaimati: hakuna mpishi anayetia kikombe cha sukari katika unga wa kaimati, kwa kuwa zingeungua nje zikiwa mbichi ndani, na utamu wote tunaiachia shira. Fanya vivyo hivyo hapa. Kwa vikombe viwili vya unga, ambavyo ni kiasi cha gramu 250, vijiko viwili vya kulia vya sukari vinatosha, na watoto wamiminiwe shira ya iliki wakiwa wameshaketi, kwani vile vijumba vya wafo havina kazi nyingine bora zaidi ya kushika shira.

Jambo la pili ni kopo. Makopo mengi ya mafuta ya kupuliza yana lesithini, kitu ambacho kikipigwa na joto mara kwa mara hugeuka utando usiotoka kwa kufuta tu. Niliwahi kuletewa mashine ya jirani yenye maradhi kama ya mashine yako. Nikapitisha ukucha katika mfereji mmoja wa bamba la chini, ukatoka na utando wa rangi ya asali iliyokolea, mgumu ulipokuwa baridi na wa kunata mara tu nilipoupumulia. Rojo jipya likikutana na utando huo hujiunga nao, na kadiri unavyoongeza mafuta ya kopo ndivyo unavyozidi kuunenepesha.

Ili kuuondoa, washa mashine dakika chache ipate uvuguvugu, kisha chomoa plagi. Chovya kitambaa cha pamba katika maji ya moto, kikamue sana, kitandaze juu ya bamba la chini, funga kifuniko na uache dakika kumi ili mvuke wake ulainishe uchafu. Baadaye changanya bekingi soda na matone ya maji hadi iwe nzito kama dawa ya meno, paka kwa mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo, sugua mfereji mmoja baada ya mwingine bila kutumia nguvu, na ufute kwa kitambaa kibichi mara tatu au nne mpaka kitoke safi. Utando wa miezi minne huenda usiishe siku moja, rudia kesho.

Baada ya hapo, paka mafuta ya kupikia au samli kwa brashi, kidogo sana, na si kwa kila wafo. Baada ya mbili au tatu inatosha. Samli inafaa kuliko siagi, kwa sababu siagi bado ina maji na chembe za maziwa ambazo huungua na kuacha weusi, ilhali katika samli vyote hivyo vimekwisha kuondolewa. Hata hivyo mafuta yanayobandua wafo hasa ni yale yaliyomo ndani ya rojo lenyewe. Rojo ninalolitumia mimi ni unga vikombe viwili, bekingi pauda vijiko vitatu vya chai, mayai mawili, tui la wastani kikombe kimoja na robo tatu, samli iliyoyeyushwa theluthi moja ya kikombe, sukari ile vijiko viwili, chumvi nusu kijiko cha chai na iliki. Likoroge mpaka unga ulowane tu, na vidonge vidogo visikutie wasiwasi, kisha liache dakika kumi.

Mwisho ni subira, na hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na rojo zuri. Taa ya tayari ikiwaka mara ya kwanza, mabamba yamepata joto juujuu tu. Subiri izime na kuwaka tena, ndipo umimine. Baada ya kufunga usiitazame saa, utazame mvuke. Mvuke mwingi unaotoka pembeni ni maji yanayoliacha rojo, na muda wote unapotoka, wafo bado ni mbichi katikati, hivyo ukiinua kifuniko utaipasua. Mvuke ukikaribia kukatika, inua kwa upole. Kifuniko kikikataa, kirudishe na usubiri nusu dakika nyingine.

Bibi, kwetu Wete tunapenda vitumbua, ila mafuta daktari amemkataza mama. Je, naweza kumimina rojo la vitumbua katika mashine ya wafo?
Binti, Wete, Pemba

Unaweza, lakini si kama lilivyo. Mchele hauna ile glutini ya ngano inayoshikamanisha unga, na kwenye chuma cha vitumbua upungufu huo hausumbui, kwa sababu kila kitumbua kimekaa katika kishimo chake na kinaogelea katika mafuta. Katika mashine ya wafo rojo hubanwa pande mbili na kifuniko kikainuliwa, kwa hiyo kitu dhaifu lazima kivunjike. Kwa vikombe viwili vya mchele uliorowekwa na kusagwa na tui, ongeza mayai mawili au nusu kikombe cha unga wa ngano, punguza sukari ibaki vijiko viwili vya kulia, na tia vijiko viwili au vitatu vya mafuta ndani ya rojo. Likishaumuka, koroga kidogo kutoa hewa iliyozidi na ujaze bamba theluthi mbili tu, maana rojo la hamira hupanda na kufurika hadi bawabani. Acha dakika sita au saba. Usilikawize rojo hilo mezani, kwa sababu kwa joto letu likiumuliwa asubuhi huwa limechachuka kabla ya adhuhuri. Kama hutolipika mara moja, litie katika friji.

Utakachokipata ni kitamu na kina mafuta machache sana kuliko kitumbua, lakini kitumbua sicho, na mama akikuambia hivyo usimbishie. Ule ukingo wa kahawia unaopenda kubakia mdomoni hutoka katika mafuta ya moto na si pengine.

Dada mwandishi, kijana wangu aliyeko Marekani amemletea mama yake mashine ya wafo, nzuri na nzito. Plagi yake ina vyuma viwili bapa. Nimenunua adapta, lakini fundi mmoja ameniambia nisichomeke. Nani mkweli, fundi au muuza adapta?
Mzee, Makunduchi

Shikamoo, kaka. Fundi ni mkweli, na umefanya la maana kuuliza kabla ya kuchomeka.

Adapta hubadilisha umbo la plagi. Umeme unaopita ndani yake ni ule ule uliotoka ukutani. Umeme wetu wa Unguja na Pemba ni wa volti 230, na wa majumbani Marekani ni wa volti 120. Mtu anaweza kufikiri kwamba volti zikikaribia maradufu basi joto nalo litakaribia maradufu, lakini waya wa joto haufuati hesabu hiyo: nguvu yake hupanda kwa volti kuzidishwa kwa zenyewe. Mashine iliyoandikwa wati 1,000 kwa volti 120, ikipewa volti 230, inajaribu kuvuta karibu wati 3,700. Bahati ikiwa njema, fyuzi iliyomo ndani yake itakatika na utabaki na chuma kizuri cha kuzuilia mlango. Bahati ikiwa mbaya, waya utawaka mwekundu, utando wa mabamba utafuka moshi usiofaa kuvutwa, na soketi itaungua. Mashine iliyotoka Japani ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa kule volti ni 100 na nguvu hupanda zaidi ya mara tano.

Pindua mashine usome kibandiko cha chini. Kikiwa kimeandikwa 220–240V, hakuna neno. Ndivyo zilivyo zinazotoka Dubai, Maskati na Uingereza, na hata plagi zake huingia katika soketi zetu bila adapta. Kikiwa kimeandikwa 120V peke yake, njia iliyo salama ni transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo wa wati 1,500 kwa mashine ya wati 1,000, nayo ni nzito kama jiwe la kusagia. Kwa maoni yangu, transfoma ya namna hiyo kwa ajili ya chombo kimoja haina faida. Mwambie kijana, bila kumvunja moyo, kwamba safari ijayo atazame kibandiko kabla ya bei.

Kwa kuwa tumo katika mlango huo, niseme na walioletewa mashine za Ulaya, zenye plagi ya vyuma viwili vya mviringo. Volti zake zinakubaliana na zetu. Kasoro ni ile tabia ya kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili plagi iingie kwa nguvu. Ikiingia hivyo, umeme unapita lakini waya wa ardhi haujaungwa, na mashine hii ni ya chuma, inashikwa kwa mkono wenye maji, pengine mpishi yuko pekupeku juu ya saruji. Mwite fundi akate plagi, aweke ya vyuma vitatu yenye fyuzi, na aunge waya wa kijani na manjano mahali pake.

Mashine mpya ilitoa moshi na harufu ya plastiki siku ya kwanza. Niirudishe dukani?
Msomaji, Chake Chake

Moshi mwepesi wa dakika chache mara ya kwanza ni wa mafuta ya kiwandani yanayoungua. Fungua madirisha, uiache iwake tupu dakika kumi, izime ipoe, uifute, kisha upike wafo moja na kuitupa. Moshi ukirudi siku ya pili, au ukitoka kwenye waya badala ya mabamba, irudishe.

Mashine yangu niliisugua kwa majivu na makumbi kama ninavyosugua masufuria, ikang'ara, lakini sasa ule weusi wa mabamba unatoka vipande vipande na vingine naviona ndani ya mkate. Pia sisimizi wamehamia kwenye bawaba. Nifanyeje?
Bi harusi wa mwaka jana, Mkoani

Mwanangu, ulilolifanya ndilo tulilofundishwa sote, na kwa sufuria ya alumini au chungu ni sawa kabisa. Lakini weusi ule si uchafu, ni utando wa kuzuia kugandia, mwembamba kuliko karatasi, na majivu kwake ni msasa. Hata stilwulu, uma na ncha ya kisu huukwangua. Wafo hutolewa kwa mwiko mdogo wa mti. Vipande ulivyokwisha kuvimeza visikutie hofu, kwani mwili hauviyeyushi, huvipitisha na kuvitoa kama vilivyo. Ila utando ukianza kuondoka kwa vipande haurudi, na chuma kilichobaki wazi kitagandia siku zote. Kama mabamba yako ni ya kuchomoka, tafuta mengine ya aina hiyo hiyo. Kama yameshikana na mashine, basi huyo ameshamaliza kazi yake. Wenye mashine za chuma cha kusubu kisicho na utando wao wana sheria nyingine, ambayo ni ile ile ya chuma cha vitumbua cha bibi zetu: hakioshwi kwa sabuni, hufutwa kingali na joto, kikapakwa mafuta.

Ama sisimizi, hao hawakuifuata mashine, waliifuata sukari iliyofurika na kukaukia bawabani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Vunja kijiti cha mshikaki, kizungushie pamba iliyolowa maji ya moto, upitishe ndani ya bawaba na katika ukingo wote wa mabamba. Usidanganyike ukaichovya mashine katika karai. Maji yakiingia kwenye waya wa joto, utayaona matokeo siku utakayochomeka. Na kwa kuwa hewa yetu ina chumvi, hasa kwa mnaokaa karibu na pwani, isihifadhiwe ikiwa na unyevu ndani. Iache wazi mpaka ikauke kabisa, weka kitambaa kikavu katikati ya mabamba, kisha iingize ndani ya mfuko wa nguo. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu na skrubu za bawaba hupata kutu. Nimeona zilizoliwa hivyo katika msimu mmoja wa masika.

Je, mashine ya wafo inakula sana umeme wa Tukuza, huu wa kulipia kabla?
Mume mwenye hesabu, Fuoni

Sana, hapana. Mashine ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa mfululizo ingetumia nusu uniti, na kwa kweli haifikii hapo, kwa sababu thamostati huikata na kuiwasha kila mabamba yanapofikia joto lake. Nitakalokuomba ulitazame ni jingine. Mashine nyingi za aina hii hazina swichi yake, zikichomekwa ndiyo zimewashwa. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, watu huondoka jikoni wakaisahau ikiwa imechomekwa, na umeme ukirudi usiku mashine huanza kuwaka peke yake juu ya meza, pengine na kitambaa kimewekwa juu yake. Umeme ukikatika, chomoa plagi kabla ya kutafuta tochi. Wala usiichomeke katika ekstensheni nyembamba pamoja na birika.

Bibi, nauza futari nyumbani. Wafo zangu hutoka kavu na nzuri, nazipanga sinia moja, nazifunika kawa, lakini mpaka adhana ikisomwa zimekuwa laini kama chapati za maji. Nimeongeza bekingi pauda bila mafanikio.
Muuza futari, Bububu

Bekingi pauda haina kosa. Wafo ikitoka mashineni bado ina mvuke ndani yake, na mvuke huo unataka pa kutokea. Ukiipanga moja juu ya nyingine, ya chini huipikia mvuke ya juu, na ukifunika kawa, ingawa ukindu unapumua kuliko mfuniko wa bati, mvuke unaobaki humo unatosha kulainisha sinia nzima. Zitandaze juu ya waya wa kupozea keki, zisigusane, na zipigwe na hewa chini na juu. Kama huna waya huo, zisimamishe mbili mbili zikiegemeana vichwa, kama mtoto anavyojenga kibanda kwa karata. Kawa liwekwe zikishapoa kabisa, kwa ajili ya nzi.

Katika rojo, badilisha robo ya unga wa ngano utie kornflawa au unga wa mchele, na tui liwe jepesi kidogo, kwa kuwa wanga wa namna hiyo hukauka na kubaki mkavu kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo sikuahidi muujiza: katika hewa yetu, hasa mwezi wa Ramadhani ukiangukia masika, hakuna wafo itakayokaa kavu kuanzia saa tisa hadi magharibi. Kwa biashara ni bora uzipike mapema, uzipoze, uzitie katika friza zikiwa na karatasi ya kuokea kati ya moja na nyingine, na robo saa kabla ya adhana uwashe mashine na kuzirudisha ndani moja moja, zikiwa bado zimeganda, dakika mbili au tatu kila moja, bila kuongeza mafuta. Mteja apewe shira pembeni kwenye kikombe, amimine mwenyewe atakapofika kwake.